Kireno Kinatakiwa Mtambaswala, Kifaransa Kinafundishwa Mlimani

Mtoto akipata alama nzuri za Kifaransa kidato cha sita, ndugu humwambia akasome lugha, mwenye lugha hakosi kazi. Kuna ukweli ndani yake, ila kauli hiyo haisemi kazi yenyewe iko mkoa gani, inadai kiwango gani cha lugha, wala bei ya kukifikia kiwango hicho. Kwa familia ya Newala au Ruangwa inayosomesha kwa korosho, hayo matatu ndiyo ya kuulizwa kabla ya jina la chuo.

Tuanze na ramani. Mkoa wa Mtwara unatazamana na Msumbiji kuvuka mto Ruvuma. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lina urefu wa mita 720 na lilifunguliwa mwaka 2010. Upande wa pwani, Kilambo, watu huvuka mto kuelekea Palma. Ukishavuka, karatasi zote za serikali zinageuka: forodha, polisi, hospitali, mahakama, leseni ya biashara, vyote kwa Kireno. Kimakonde kitakusaidia sokoni na Kiswahili kitakufikisha mbali kidogo Cabo Delgado, lakini hakuna hata kimoja kitakachosainiwa kwenye fomu ya forodha.

Sasa angalia shule zetu. Kifaransa kimo kwenye masomo ya mtihani wa taifa, na kidato cha tano kuna tahasusi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kireno hakimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Chuo Kikuu cha Dodoma vinafundisha Kifaransa mpaka shahada. Kwa hiyo kijana wa Kusini anayetaka lugha iliyotokana na Kilatini anapewa ile ambayo wateja wake wako Dar es Salaam, Arusha na mpakani Tunduma, huku ile inayotakiwa mwendo wa saa chache kutoka kwao akiachiwa aitafute mwenyewe. Inashangaza ukikumbuka kwamba Nachingwea ndiko wapiganaji wa Frelimo walikofanyia mazoezi kabla ya uhuru wa Msumbiji wa Juni 25, 1975. Ujirani huo wa miaka yote haujawahi kuingia kwenye ratiba ya vipindi.

Gharama, basi. Ada ya shahada za sanaa na lugha kwenye vyuo vya umma inaanzia karibu na shilingi milioni 1 kwa mwaka. Ada ndiyo sehemu ndogo. Ukichukua kiwango cha Bodi ya Mikopo cha chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo ni shilingi milioni 2.4. Weka vitabu na vifaa 200,000. Mwaka mmoja umekwenda na milioni 3.6, na miaka mitatu milioni 10.8, bila nauli ya kilomita 560 hivi kati ya Mtwara na Dar es Salaam, kwenda na kurudi kila likizo.

Igeuze iwe korosho. Tuseme baada ya makato ya mnada na ya chama cha msingi mkulima amebakiwa na shilingi 2,500 kwa kilo, na mkorosho wake uliokomaa unampa kilo 10. Mwaka mmoja wa chuo ni kilo 1,440, yaani mikorosho 144. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoshauriwa, ekari moja inachukua miti 28 hivi. Kwa hiyo ekari tano nzima zinakwenda kwenye shahada hiyo kila msimu, kwa misimu mitatu mfululizo, na hapo salfa na vibarua wa kuokota havijatolewa. Kuna na suala la tarehe: chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba na kinataka angalau nusu ya ada siku ya usajili, wakati minada ndiyo kwanza inaanza na malipo bado yako njiani. Familia nyingi zinaziba pengo hilo kwa kukopa mtaani kwa riba, na riba hiyo haiandikwi popote kwenye hesabu za shahada.

Mkopo wa Bodi unasaidia, lakini kozi za sanaa na lugha hazisimami mbele kwenye vipaumbele, kwa hiyo mwombaji asijipangie kupata asilimia mia. Na mkopo unarudi. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara huo ni shilingi 700,000: makato ni 105,000 kwa mwezi, na deni la milioni 10.8 linamalizika baada ya miezi 103, miaka minane na nusu na zaidi kidogo. Hesabu hii inadhani kazi imepatikana mara moja. Ndipo penye mashaka.

Mhitimu wa Kifaransa ana milango mitatu hasa. Wa kwanza ni ualimu, na hapa kosa hufanyika mapema kabisa, siku ya kujaza fomu. Shahada ya lugha tupu haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Anayetaka kufundisha achague shahada yenye ualimu ndani yake, la sivyo atarudi chuoni kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu na kulipa tena. Tena serikali inaajiri kwa somo, na shule zenye Kifaransa ni chache. Mwenye Kifaransa na Kiingereza, au Kifaransa na Kiswahili, ana somo la pili la kuombea nafasi. Aliyejifunga kwenye Kifaransa peke yake anasubiri shule chache zitoe tangazo.

Mlango wa pili ni utalii. Wageni wa Ufaransa wanakuja kweli, ila wanakwenda Serengeti, Ngorongoro na fukwe za Zanzibar. Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na historia yake inagusa Kireno na Kifaransa moja kwa moja: Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa. Mtembeza wageni anayeweza kueleza hayo kwa Kifaransa pale pale kwenye magofu ana kitu cha kuuza. Tatizo ni idadi ya wanaonunua. Msimu wa Kilwa haujafika mahali pa kumlipa mtu mshahara wa mwaka mzima kwa Kifaransa tu, na anayesema vinginevyo aulizwe ameona wageni wangapi Masika.

Wa tatu ni ukalimani na tafsiri, ambao ndio unaolipa vizuri kuliko yote na ndio usioeleweka kuliko yote. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Kifaransa na Kireno ni miongoni mwa lugha zake za kazi. Umoja wa Afrika unatumia Kifaransa, Kireno na Kihispania pamoja na Kiswahili. SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, ina Kifaransa na Kireno. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotumia Kifaransa, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ukiyasoma haya harakaharaka unaona ajira tele. Lakini mkalimani wa mikutano anakaa kwenye kibanda na mwenzake, wanapokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili inachoka na makosa yanaanza, na anayeajiriwa kwa kazi hiyo ana shahada ya uzamili ya ukalimani, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, juu ya lugha mbili au tatu anazozimudu kikamilifu. Shahada ya kwanza ni ngazi ya kuingilia huko. Tena ni kazi inayofuata taasisi: Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipofunga Arusha mwishoni mwa 2015, kazi za Kifaransa na Kiingereza zilizokuwa zimeizunguka zilisinyaa, zikabaki za ofisi ndogo iliyoirithi.

Kuna jambo ambalo vyuo havilitangazi na wazazi hawalijui. Cheti cha shahada kinaonyesha alama za somo, hakionyeshi unaweza kufanya nini na lugha. Waajiri wa nje wanauliza ngazi, kutoka A1 ya anayeanza mpaka C2. Kwa Kifaransa, kufika B1 huhitaji kama saa 360 hadi 400 za darasani tangu mwanzo, na B2 kama 560 hadi 650. B2 ndiyo ngazi ambayo mtu anaweza kufanya kazi ya ofisi bila kushikwa mkono. Sasa mwanafunzi aliyeingia chuoni bila Kifaransa cha sekondari, akawa na vipindi vya lugha vya saa sita kwa wiki kwa wiki 30 za mwaka, anapata saa 180 kwa mwaka, 540 kwa miaka mitatu. Anahitimu akiwa amekaribia B2 bila kuifika, ikiwa hakukosa kipindi hata kimoja. Mwenzake wa KLF anaanza mbele yake. Darasa moja, ada moja, matokeo mbalimbali.

Dawa yake ni DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, na haujalishi una shahada au huna. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, kwa sharti kwamba hakuna sehemu iliyoshuka chini ya 5. Sharti hilo dogo linaangusha watu wenye jumla nzuri. Aliyejifunza Kifaransa kwa kusoma na kuandika, kama shule zetu zinavyofundisha, anaumia kwenye kusikiliza, kwa sababu sauti ya kwenye mtihani inakimbia na haimngoji. Miezi mitatu ya kusikiliza taarifa ya habari ya redio ya Kifaransa nusu saa kila siku, ukiandika ulichosikia kisha ukilinganisha, inaokoa wengi. DELF haiishi muda. TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua unaombea wapi.

Turudi Ruvuma. Kireno kinaajiri nani Mtwara? Anayetafutwa kwa jina la "mtaalamu wa Kireno" ni nadra. Kinamwajiri wakala wa forodha anayejua Kireno, dereva wa masafa anayejua Kireno, muuguzi, mwanasheria wa mikataba ya wafanyabiashara wa mpakani, mhasibu wa kampuni inayouza saruji au vyakula ng'ambo. Fani inatangulia, lugha inaongeza bei yake. Chukua wakala wa forodha. Ana cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachotolewa nchini na Chuo cha Kodi. Shehena inavuka Mtambaswala ikiwa na ankara, orodha ya vifurushi na cheti cha asili ya bidhaa. Upande wa pili ofisa anauliza kwa Kireno kwa nini uzito wa kwenye orodha hautoshani na wa kwenye mizani, na anapiga kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, wakati mteja wako amezoea 18 ya kwetu na amekwishakosea bei. Anayeweza kumjibu ofisa huyo hapo hapo, kwa maandishi yanayokubalika, anaokoa lori lisilale mpakani. Mwenye shahada ya fasihi ya Kireno asiyejua cheti cha asili ni nini hawezi kuokoa chochote.

Na Kireno cha namna hiyo kinapatikanaje? Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, hufundisha lugha za kigeni, Kireno kikiwamo. Asiyeweza kwenda Dar es Salaam ana njia ya nyumbani. Wako Wamsumbiji waishio Mtwara na Masasi waliomaliza darasa la 12 kwao. Kundi la watu watano likimlipa mwalimu wa namna hiyo tuseme shilingi 15,000 kwa saa, kila mmoja anatoa 3,000, na saa 360 zinagharimu 1,080,000 kwa mtu. Kwa saa kumi kwa wiki ni wiki 36, miezi minane na kidogo. Ni karibu ada ya mwaka mmoja Mlimani, na hakuna kupanga chumba.

Njia hii nayo ina mashimo yake. Kuzungumza Kireno si kukiandika. Mwalimu aliyeishia darasa la tano atakufundisha mazungumzo ya stendi na tahajia yake mwenyewe, kwa hiyo omba kuona cheti chake na mwambie aandike barua rasmi mbele yako. Programu nyingi za simu zinafundisha Kireno cha Brazil, chenye matamshi, msamiati na namna ya kumwita mtu tofauti, ilhali Msumbiji inafuata kawaida ya Ureno. Utaeleweka, ila barua yako kwa mkurugenzi wa forodha itasomeka kama ya mgeni wa mbali. Na mwisho wa yote ufanye mtihani unaotambulika, ile mitihani ya Chuo Kikuu cha Lisbon: CIPLE kwa ngazi ya A2, DEPLE kwa B1, DIPLE kwa B2. Bila karatasi hiyo, saa 360 zako ni maneno matupu mbele ya mwajiri asiyekujua.

Wapo wanaopanga kusoma Kireno ili wakaajiriwe kwenye gesi ya Cabo Delgado. Wapunguze matumaini. Mradi wa Afungi, karibu na Palma, ulisimamishwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2021 baada ya shambulio la Machi mwaka huo, na usalama wa jimbo hilo umekuwa na mashaka tangu Oktoba 2017. Hata penye amani, sheria ya kazi ya Msumbiji inaweka ukomo wa wageni: kampuni kubwa haizidishi asilimia 5. Kampuni yenye nafasi chache kiasi hicho itazitumia kwa wahandisi, haitampa Mtanzania wa kutafsiri barua wakati nchi imejaa watu waliozaliwa na Kireno. Nafasi ya Mtanzania iko upande huu wa mto, kwa mfanyabiashara Mtanzania anayehitaji mtu wake. Gesi ya Likong'o, Lindi, nayo isimdanganye mtu: Equinor na Shell watafanya kazi kwa Kiingereza. Na korosho yetu, pamoja na ukubwa wake, wanunuzi wake wakuu ni India na Vietnam. Kiingereza tena.

Kifaransa kina mteja mmoja Mtwara ambaye watu humsahau. Saruji inayotengenezwa hapa imekuwa ikipakiwa bandarini kwenda Komoro, ambako Kifaransa ni moja ya lugha rasmi na ndiyo ya makaratasi mengi ya biashara. Wangazija wengi mtaelewana nao kwa Kiswahili mkiwa mezani. Hati za benki ni habari nyingine. Ni soko dogo, la watu wachache, lakini liko mlangoni.

Kusoma nje nako kuna bei zake. Ufaransa, tangu 2019, mwanafunzi asiye wa Ulaya analipishwa shahada ya kwanza kwenye vyuo vya umma kiasi kilichoanzia euro 2,770 kwa mwaka na kimepanda kidogo tangu hapo, ingawa vyuo kadhaa vinasamehe. Mzigo hasa uko kwenye viza: uthibitisho wa euro 615 kwa mwezi. Kwa euro moja sawa na shilingi 2,900, mwaka mzima ni zaidi ya shilingi milioni 21, karibu mara mbili ya shahada yote ya Mlimani. Brazil vyuo vya umma havitozi ada, na kuna mpango wa PEC-G kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Angalia kama Tanzania imo kwenye orodha ya mwaka unaoomba, na ujue kuwa nauli na chakula ni juu yako. Msumbiji kuna Chuo Kikuu cha Rovuma na cha Lúrio, vyote makao yake Nampula. Kwa anayetaka Kireno cha kufanyia kazi Kusini, mwaka mmoja Nampula una maana kuliko mitatu Lisbon, mradi vyeti vyake vya kidato cha sita vitafsiriwe na kutambuliwa kule kabla hajaondoka.

Kijana mwenye KLF na alama nzuri, anayependa kufundisha, aende Mlimani au Dodoma achukue shahada ya ualimu yenye Kifaransa na somo la pili, na afanye DELF B2 kabla ya kuhitimu. Huyo hesabu yake inalipa. Anayetaka tu "kujua lugha" asome uhasibu, uuguzi au forodha kwa ile ile milioni 10.8, aongeze Kireno kwa milioni moja ya masomo ya jioni. Asiye na Kifaransa cha sekondari asikianze chuoni kwa mkopo.

Kwa anayeomba msimu huu: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla dirisha la mikopo halijajaa watu, na kwa kila kozi ya lugha unayoifikiria, kiandikie chuo ukiuliza vipindi vya lugha yenyewe ni saa ngapi kwa wiki ukitoa isimu na fasihi, wanaoanza kabisa wanatengewa darasa lao au la, na wahitimu wa mwaka jana walifanya mtihani gani wa nje. Chuo kisichojibu la tatu kisome kama kimejibu.